Shindano la kusoma darasani lisilokufa wiki ya tatu: mwongozo kamili kwa mwalimu wa shule ya msingi

Mashindano mengi ya kusoma huenda hivi. Wiki ya kwanza darasa zima limechangamka. Wiki ya pili vitabu viko mikononi mwa watoto walewale kumi. Wiki ya tatu chati ya ukutani haijazwi tena, na wanaobaki wanasoma ni wale waliokuwa wakisoma hata kabla ya shindano.

Walimu hulaumu uvivu wa watoto au simu za nyumbani. Mimi naona chanzo kiko kwenye mpango wenyewe. Shindano linahesabu vitabu, linawapanga watoto wa kwanza hadi wa mwisho, na linaanza kabla mwalimu hajajua nani anaweza kusoma nini. Mtoto aliyeshika nafasi ya 58 anajua siku ya nne kwamba ameshashindwa. Kwa nini aendelee?

Mwongozo huu umepangwa kwa shule ya msingi ya serikali Tanzania, darasa la watoto 60, ambako maktaba ya shule ni kabati moja. Unachukua wiki sita: moja ya maandalizi, tano za shindano lenyewe.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vitabu vya hadithi au vijitabu visivyopungua 40. Watoto watasoma wawili wawili, hivyo 30 vitakuwa mikononi na vilivyobaki vitakuwa vya kubadilishana.
- Karatasi za manila mbili na maka peni za rangi tatu.
- Kaunta buku moja ya kuandikia vitabu vinavyotoka na kurudi.
- Katoni imara mbili, zile za sabuni au mafuta ya kula.
- Selotepu pana, sindano kubwa na uzi mzito.
- Mifuko midogo ya kubebea vitabu. Kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kata viroba vya unga vilivyokwisha ushone. Kiroba kimoja kikubwa kinatoa mifuko kadhaa na hakipitishi mvua upesi.
- Dakika 15 kila siku kwenye ratiba, zikiwa zimekubaliwa na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo nitakalolirudia hapo chini.

### Vitabu vikiwa havitoshi

Anza na stoo ya shule. Shule nyingi zina vitabu vya hadithi vilivyoletwa na mradi fulani vikafungiwa ndani visije vikachakaa. Omba ufunguo, hesabu, futa vumbi.

Kisha nenda maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania uulize masharti ya shule kuazima. Kwa vya mtandaoni, tovuti ya African Storybook na ile ya StoryWeaver zina hadithi za watoto kwa Kiswahili ambazo leseni yake inakuruhusu kupakua, kuprinti na kugawa bure. Chagua zenye kurasa chache ili gharama ya steshenari isikuelemee.

Chanzo cha tatu ni watoto wenyewe. Waambie kila mmoja aje na hadithi moja kutoka kwa bibi, babu au jirani, aiandike, mrekebishe pamoja, kisha mtengeneze kijitabu. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati kwa pamoja zinatoa kurasa 16. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu na chini. Sindano iingilie tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, irudi ndani kupitia tundu la juu, iteremke kwa ndani moja kwa moja hadi tundu la chini, itoke nje hapo, kisha irudi ndani kupitia la katikati. Ncha mbili za uzi zibaki upande huu na upande huu wa uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge fundo juu yake. Kijitabu kilichoshonwa hivi hakitoi kurasa kama kile cha stepla, na pini hazitamchoma mtoto wala kushika kutu.

Usividharau vijitabu hivi. Mtoto anapoona jina la mwenzake kwenye jalada, hicho ndicho anachokikimbilia.

## Hatua ya 1: Chagua wakati

Anza wiki ya tatu au ya nne baada ya shule kufunguliwa, wakati uandikishaji na usafi wa mazingira umetulia. Epuka wiki za mitihani. Ukiwa na Darasa la Nne, jua kwamba Upimaji wa Kitaifa huja mwishoni mwa Oktoba, na kuanzia Septemba hakuna atakayekuachia dakika 15. Kwa darasa hilo fanya muhula wa kwanza. Darasa la Tatu na la Tano wana nafasi zaidi.

Kama shule iko vijijini, tazama pia msimu. Wakati wa kupalilia na kuvuna mahudhurio hushuka, na darasa linalopungua kila siku halina raha ya kushindania kitu.

Ndani ya siku, muda mzuri kuliko wote ni mara tu baada ya mapumziko ya uji. Watoto wanaingia wakiwa na kelele, kitabu kinawatuliza, na kipindi kinachofuata kinaanza darasa likiwa kimya. Hoja hii ndiyo itakayomlainisha mwalimu wa taaluma. Usikubali kupewa dakika za mwisho kabla ya kwenda nyumbani. Hizo huliwa na matangazo, na mtoto anayetembea mbali amekwisha kufunga mkoba.

## Hatua ya 2: Jua kila mtoto anasoma kwa kiwango gani

Hapa ndipo mashindano mengi yanapokufa kabla hayajazaliwa. Usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Ita mtoto mmoja mmoja mezani wakati wengine wanafanya zoezi. Mpe ukurasa mmoja asiowahi kuuona, asome kwa sauti ya chini kama dakika moja. Kisha funga kitabu umwambie: "Nisimulie, kumetokea nini?" Ukisikiliza watoto 20 kwa siku, siku tatu zinatosha.

Swali hilo lina uzito kuliko kusoma kwenyewe. Silabi za Kiswahili zinatamkwa kama zinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyezikariri anaweza kuteremka ukurasa mzima bila kukwama na asijue hata mhusika ni nani. Utawakuta wengi zaidi mahali ambapo nyumbani wanaongea Kisukuma, Kimaasai au Kiiraqw, na Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Ukimhesabu mtoto huyo kuwa msomaji hodari utampa kitabu kikubwa, naye atakigeuza kurasa kama anayepepea moto. Hata wewe utadhani anasoma.

Weka alama tatu kwenye orodha yako, wewe peke yako ukizijua:

- anayesoma silabi kwa silabi;
- anayesoma maneno lakini hasimulii;
- anayesoma na kusimulia.

Vitabu navyo vipangwe ngazi tatu, kila kimoja kibandikwe kipande cha karatasi ya rangi kwenye pembe ya jalada. Rangi iwe ya kitabu, kamwe isiwe ya mtoto. Ukianza kusema "watoto wa njano", kesho yake uwanjani njano imekuwa tusi.

Mfundishe pia mtoto kujichagulia. Afungue ukurasa wowote na kukunja kidole kimoja kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kisubiri kwanza.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kutaja, bila kutazama orodha, watoto watano ambao usingewapa kitabu cha ngazi ya tatu.

## Hatua ya 3: Weka lengo la darasa zima

Tunahesabu dakika, hatuhesabu vitabu. Mtoto anayesoma silabi akikaa na kitabu dakika 15 amefanya kazi ileile, pengine kubwa zaidi, ya yule aliyemaliza hadithi mbili.

Dakika hizo zigeuze safari. Mimi napenda Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, takriban kilomita 1,250. Chora njia kwenye manila na uweke vituo: Morogoro kilomita kama 200, Dodoma kama 460, Tabora kama 840, kisha Kigoma ziwani. Walio Kenya wanaweza kuchora Mombasa hadi Kisumu kupitia Voi, Nairobi na Nakuru.

Hesabu ni hii. Dakika 20 za kusoma za mtoto yeyote ni kilomita moja. Tuseme kila siku watoto watano hawapo. Waliobaki 55 wakisoma dakika 15, siku hiyo darasa limepata dakika 825, yaani zaidi kidogo ya kilomita 41. Ijumaa ya kwanza treni inaingia Morogoro. Kwa siku 25 za wiki tano mtafika kilomita kama 1,030. Zinazobaki, kama 220, zitapatikana kwa kila mtoto kusoma robo saa tu kwa wiki nje ya darasa.

Pengo hilo liache makusudi. Lengo linalotimia lenyewe halimsukumi mtu, na lengo lisilofikika linawakatisha tamaa. Kwa darasa la idadi tofauti, gawa idadi ya watoto kwa tatu upate dakika za kilomita moja: watoto 90 ni dakika 30, watoto 45 ni dakika 15.

Kazi ya kukokotoa mpe mtoto tofauti kila siku, ubaoni, mbele ya wenzake. Kuzidisha na kugawanya kwa namna hii hakuna anayekusinzilia.

Tahadhari: usibandike orodha ya majina na dakika za kila mmoja. Mwalimu mwenzako akikushauri kwamba "ushindani ndio unaoamsha watoto", mwambie ushindani uko palepale, ila ni kati ya darasa na reli.

## Hatua ya 4: Wiki ya maandalizi, wasomee wewe

Kabla treni haijaondoka, dakika zile 15 zitumie kusoma kwa sauti. Watoto wengi hawajawahi kumsikia mtu mzima akisoma hadithi kwa raha. Wamesikia imla na maswali ya ufahamu. Kwao kusoma ni kitu kinachoishia na alama nyekundu.

Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Badilisha sauti ya fisi na ya sungura. Picha zizungushe taratibu hadi dawati la nyuma kabisa zionekane. Siku ya kwanza funga kitabu mahali ambapo mlango unagongwa na hatujui ni nani, useme "Tutaendelea kesho", na uanze hisabati. Usiulize swali lolote.

Wiki hiyohiyo wafundishe kushika kitabu: mikono mikavu, kurasa zinageuzwa kwa kushika pembe ya juu, hakuna kulamba kidole, hakuna kukunja jalada nyuma.

Utajua wako tayari siku utakapoingia darasani na kabla ya salamu kuisha mmoja anauliza, "Mwalimu, leo unaendelea?"

## Hatua ya 5: Fungua kabati

Chagua watunza vitabu wawili, msichana na mvulana, wabadilike kila wiki. Kwenye kaunta buku piga mistari minne: tarehe, jina, namba ya kitabu, kimerudi. Kila kitabu kiandikwe namba ndani ya jalada. Katoni moja ni ya vinavyotoka, nyingine ya vilivyorudi, na jioni wanavirudisha mahali pake kwa rangi.

Wakati wa dakika 15 watoto wawili wanakaa na kitabu kimoja katikati. Wapange wewe: anayesoma maneno akae na anayesimulia. Anayesoma silabi usimweke na hodari wa darasa, atamezwa. Mweke na aliyemzidi kidogo tu. Wanapokezana ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti ya kunong'ona.

Na wewe mwalimu ukae, ufungue kitabu, usome. Sisemi usahihishe madaftari. Watoto wanaangalia unachofanya, na dakika hizo ukizitumia kusahihisha wataelewa kwamba kusoma ni kwa ajili yao tu, kama dawa ya minyoo.

Sasa suala la kuchanika. Vitabu vitachanika. Weka selotepu juu ya katoni na mfundishe kila mtoto kubandika. Usichape, wala usidai fidia kwa ukurasa uliochanika. Mzazi akilipishwa mara moja, habari inazunguka mtaa mzima, na kila nyumba itamwambia mtoto wake asirudi tena na kitabu cha shule. Kitabu kilichofungiwa stoo kikiwa kipya hakijamsaidia mtu.

## Hatua ya 6: Sikiliza, usitahini

Jinsi ya haraka ya kuua raha ya kusoma ni kudai muhtasari wa maandishi baada ya kila kitabu. Badala yake, kila siku ita watoto watano, dakika mbili kila mmoja, wakati wa mapumziko au mwisho wa kipindi. Baada ya siku 12 umewasikia wote 60, na unaanza tena.

Maswali yangu ni machache:

- Nionyeshe sehemu uliyoipenda, unisomee.
- Nani alikuudhi humu ndani?
- Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Kuna mtoto atakayedai alisoma saa mbili nyumbani wakati hakufungua mkoba. Usimwumbue. Mwombe akusomee sehemu aliyoipenda. Akishindwa, mwambie, "Basi soma ukurasa huu hapa, nikuandikie dakika zake." Anaondoka na dakika tatu za kweli. Ukimwita mwongo mbele ya wenzake hutamwona tena na kitabu, na wenzake watajifunza kuongopa vizuri zaidi.

Dalili njema: mtoto anakukatisha akitaka kukuambia mwisho wa hadithi.

## Hatua ya 7: Waingize wazazi bila kuwatwisha mzigo

Zungumza nao kwenye kikao cha wazazi au tuma ujumbe mfupi kupitia watoto. Sema jambo moja: mtoto atarudi na kitabu au kijitabu Ijumaa, tunaomba amsomee mtu yeyote nyumbani kwa robo saa.

Mtu yeyote maana yake hata asiyejua kusoma. Bibi anaweza kusikiliza, kisha akaulizwa hadithi inafanana na ipi aliyowahi kuisikia. Mtoto akija Jumatatu na hadithi ya bibi, iandikeni, na hicho ni kijitabu kipya cha kabati. Kaka mdogo wa chekechea ni msikilizaji mzuri vilevile. Uthibitisho ni alama yoyote ya msikilizaji kwenye kipande cha karatasi. Usidai sahihi.

Usipange kusoma kwa usiku. Nyumba nyingine zina umeme, nyingine wanagombania taa moja ya sola. Jumamosi asubuhi au Jumapili mchana ni bora. Waangalie hasa wasichana. Wengi wao wakifika nyumbani wanaanza maji, vyombo na mtoto wa mgongoni, na robo saa yao haipatikani asipokuwepo mtu mzima wa kuwaruhusu. Mtaje huyo mtu mzima kwenye kikao: "Mama, baba, robo saa hiyo ni ya kwake."

## Hatua ya 8: Wiki ya tatu

Hii ndiyo wiki ya hatari, na safari imepangwa ili Dodoma ifikiwe humo. Ifanye siku ya kufika ionekane. Darasa zima litoke nje chini ya mti, watoto wanne waliojitolea wasome kurasa wanazozipenda.

Kisha badilisha vitabu. Azima katoni nzima kutoka kwa mwalimu wa darasa jingine, umpe yako. Kwa watoto, kitabu kilichotoka mkondo wa B ni kipya kabisa.

Mwalike pia mgeni anayesoma kazini kwake: muuguzi wa zahanati, fundi umeme, katibu wa kikundi cha akina mama. Aje na kile anachokisoma kweli, na aonyeshe ni nini kingeharibika kama angekisoma vibaya. Muuguzi akieleza kipimo cha dawa ya mtoto, darasa linashika pumzi.

Safari ikiwa imebaki nyuma, usiongeze kilomita kwa huruma. Waulize wao watafanyaje. Mara nyingi watapendekeza kusoma wakisubiri uji, na pendekezo lao watalitekeleza.

## Hatua ya 9: Kufika Kigoma

Zawadi iwe ya darasa zima na iwe ya kusoma: saa nzima ya hadithi, au haki ya kuchagua kitabu utakachowasomea. Fedha na peremende zinafanya kazi siku moja, na muhula ujao watauliza, "Safari hii tunapewa nini?"

Kila mtoto apate cheti cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono wako, chenye sentensi moja iliyo yake tu: "Amewasomea wadogo zake hadithi tatu." "Amesoma ukurasa mzima bila kusaidiwa." Andika vyeti 12 kwa siku na vitakwisha kwa wiki moja. Viite mstarini kwa mpangilio wa alfabeti, visije vikageuka nafasi.

Rudia kipimo cha hatua ya 2 kwa watoto wote, ukurasa mpya, swali lilelile. Linganisha na orodha yako ya mwanzo. Mtoto mmoja mmoja aliyehama kutoka kusoma maneno hadi kusimulia, mwambie faraghani na mweleze mzazi wake.

Dakika 15 usizirudishe kwa mwalimu wa taaluma. Mpelekee matokeo ya kipimo, pamoja na kaunta buku, umwombe zibaki kwenye ratiba bila treni wala chati.

Na siku ya kufunga shule usifungie vitabu. Kila mtoto aondoke na kitabu au kijitabu kimoja cha ngazi yake ndani ya mfuko wa kiroba, namba ikiwa imeandikwa kwenye kaunta buku, pamoja na jina la jirani wa kubadilishana naye likizo ikifika katikati.